Daftari Kabla ya Hadubini: Maoni Juu ya Ufundishaji wa Sayansi katika Shule za Msingi

Utangulizi

Katika kipindi cha mazoezi ya kufundisha nilipata kuketi nyuma ya darasa la tano, katika shule moja ya kijijini, nikimwangalia mwalimu mwanafunzi akifundisha somo la Sayansi. Mada ilihusu sifa ambazo viumbe hai hurithi kutoka kwa wazazi wao. Andalio lake la somo lilikuwa safi. Zana zake, yaani picha za ng'ombe na ndama pamoja na magunzi ya mahindi ya rangi mbili, zilikuwa zimetayarishwa kwa uangalifu. Na sauti yake ilisikika vizuri hadi nilikoketi. Zilipobaki dakika chache kipindi kumalizika, msichana mmoja alinyosha mkono, akasema: "Mwalimu, bibi yangu humwita baba kwa jina la babu aliyekwisha kufariki, na usiku hutoka nje kutafuta ng'ombe ambao hatunao. Majirani wanasema ni mchawi. Je, na mimi nitarithi?" Darasa likacheka. Mwalimu akajibu kwamba hilo halimo katika somo la siku ile, akaufuta ubao, na kengele ikalia.

Nakiri mbele ya wasomaji kwamba nilimpa mwalimu yule alama za juu. Fomu ya ukaguzi niliyokuwa nayo iliniuliza juu ya malengo ya somo, zana, sauti, matumizi ya ubao na mgawanyo wa muda. Haikuniuliza lolote juu ya swali la mtoto. Nilipokuwa njiani kurudi chuoni ndipo nilipotambua kwamba katika kipindi kizima cha dakika 40 swali la kweli la kisayansi lilikuwa moja tu, nalo liliulizwa na mwanafunzi, na ndilo hilo tuliloliacha.

Katika makala haya nataka kutetea rai moja. Kazi ya kwanza ya mwalimu wa Sayansi katika shule ya msingi ni kumzoesha mtoto kuuliza, kuandika anayoyaona, na kuvumilia mpaka jibu lipatikane. Fasili na majina ya vitu hupata maana yakija baada ya hayo. Ili rai hii isielee hewani, nitaeleza kazi ya maisha ya mwanasayansi mmoja, Dakta Francisco Lopera wa Colombia, huko Amerika ya Kusini. Yeye alitumia zaidi ya miaka 40 kuchunguza jinsi ugonjwa wa Alzheimer unavyorithiwa. Nimemchagua kwa sababu swali alilolianzia ni ndugu wa swali la msichana yule.

Ugonjwa wenyewe

Ugonjwa huu ulipata jina lake kutokana na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901, mjini Frankfurt, alimpokea mwanamke wa miaka 51 aliyekuwa amepoteza kumbukumbu. Alimwuliza maswali mepesi, kama vile jina lake, jina la mumewe, na majina ya vitu alivyomwonyesha, na kila jibu akaliandika. Mwanamke yule alipofariki mwaka 1906, daktari aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini, akaona mambo mawili: mabonge madogo baina ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Leo inafahamika kwamba mabonge yale ni vipande vya protini iitwayo amiloidi, na nyuzi zile ni za protini nyingine iitwayo tau.

Mgonjwa kwa kawaida husahau kwanza mambo ya jana huku akikumbuka ya utotoni. Hurudia swali lile lile mara nyingi, hupotea katika njia aliyoizoea, huwaita watu kwa majina ya wengine, na mwishowe hushindwa hata kuvaa na kula bila msaada. Yapo pia magonjwa mengine ambayo huleta usahaulifu wa namna hii uzeeni, na kuyatofautisha ni kazi ya mganga wa hospitali. Lililo muhimu kwetu ni kwamba haya ni magonjwa ya ubongo, kama vile nimonia ilivyo ugonjwa wa mapafu.

Wala wasomaji wasidhani kwamba jambo hili ni la nchi za mbali. Utafiti uliofanywa katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba kati ya watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi, kiasi cha 6 katika kila 100 walikuwa na maradhi ya kupotewa na kumbukumbu. Aidha, sote tunajua kwamba katika baadhi ya sehemu za nchi yetu, hasa katika kanda ya Ziwa, ajuza wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu, ambayo mara nyingi ni matokeo ya moshi wa jikoni wa miaka mingi. Ajuza anayetoka nje usiku akisema maneno yasiyoeleweka yumo katika hatari hiyo hiyo. Kwa hiyo swali la msichana yule lilikuwa zito kuliko alivyojua yeye, na kuliko tulivyojua sisi tulioachilia kengele ilie.

Daktari, mkulima na ukoo wake

Francisco Lopera alizaliwa mwaka 1951 katika jimbo la Antioquia, nchi ya milima iliyoko kaskazini-magharibi ya Colombia, akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Antioquia, mjini Medellín. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, angali akijifunza utaalamu wa magonjwa ya ubongo, aliletewa mkulima mmoja ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 50, lakini alikuwa amepotewa na kumbukumbu kama mzee aliyekula chumvi nyingi. Daktari angaliweza kuandika jina la ugonjwa na kumrudisha mgonjwa nyumbani. Lopera aliuliza swali la ziada: Je, katika jamaa zake yuko mwingine aliyepatwa na hali hii? Akaambiwa kwamba baba wa mgonjwa alikuwa hivyo hivyo, na babu yake, na baadhi ya ndugu zake.

Jibu lile lingeweza kuishia katika faili la hospitali. Yeye aliamua kuwafuata watu hao makwao. Huko milimani alikuta kwamba wenyeji walikwisha kuujua ugonjwa ule tangu zamani, nao waliuita kwa Kihispania la bobera, yaani upumbavu. Walijua kwamba huwashika watu wazima wakiwa bado na nguvu za kulima, na kwamba hutembea katika nyumba fulani. Juu ya sababu yake walikuwa na maelezo mengi: wengine walisema ni laana ya padri, wengine walisema ni uchawi, na wengine waliamini kwamba hutokana na kugusa mti fulani.

Hapa pana somo la kwanza kwa mwalimu. Lopera hakuwacheka watu wale. Katika maneno yao alitenganisha yale waliyoyaona na yale waliyoyadhania. Waliyoyaona, yaani kwamba ugonjwa hufuata ukoo, yalikuwa kweli tupu, na sayansi ilihitaji miaka mingi kuyathibitisha. Waliyoyadhania, yaani laana na mti, yalipaswa kupimwa kwa ushahidi. Mwalimu anayesema "hizo ni imani potofu" kisha akaendelea na ubao, hutupa maharage pamoja na makapi yake. Mtoto aliyesema kwamba bibi hutoka nje usiku ametoa taarifa sahihi. Lililohitaji kupimwa ni neno "mchawi" peke yake.

Kazi ya daftari

Mwaka 1987 Lopera na wenzake walichapisha taarifa ya kwanza juu ya familia ile. Baada ya hapo ilifuata kazi ndefu ambayo haikuhitaji chombo chochote cha gharama. Pamoja na muuguzi aitwaye Lucía Madrigal, alitembelea vijiji na vitongoji, akaketi na wazee, akaandika majina: nani alizaliwa na nani, nani aliugua akiwa na umri gani, nani alifariki mzima wa akili. Mahali kumbukumbu za wazee zilipokoma, walifungua vitabu vya parokia vya ubatizo, ndoa na maziko. Jina kwa jina, mti wa ukoo ukakua, hata ukarudi nyuma hadi karne ya 18, na familia 25 zilizokuwa zikidhani kwamba hazina uhusiano zikaonekana kuwa zina shina moja. Jumla ya ukoo huo ilifikia watu wapatao 6,000. Haba na haba hujaza kibaba.

Kazi hiyo ilifanyika wakati milima ile ilipokuwa na vita baina ya serikali, wapiganaji wa msituni na makundi mengine yenye silaha, huku mji wa Medellín ukitawaliwa na hofu ya wafanya biashara ya dawa za kulevya. Muuguzi Madrigal aliwahi kushikwa na wapiganaji na kuzuiliwa kwa siku kadhaa. Hata hivyo daftari halikufungwa.

Mti wa ukoo ulipotazamwa kwa makini ulionyesha jambo ambalo mtoto wa shule ya msingi anaweza kulielewa. Mzazi mmoja akiwa na ugonjwa, takribani nusu ya watoto wake hupatwa nao, wa kiume kwa wa kike sawasawa. Mtoto ambaye hakupatwa hawezi kuwaambukiza wala kuwarithisha wanawe. Laana ya kawaida haina hesabu. Lakini hapa hesabu ilikuwapo, na ilijirudia kizazi baada ya kizazi. Hesabu hiyo ndiyo iliyowaelekeza watafiti watafute jeni moja.

Herufi moja

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Lopera alianza kushirikiana na watafiti wa nchi nyingine, akiwamo Kenneth Kosik wa Marekani, na damu za wanaukoo zikapelekwa katika maabara zenye vyombo vya kusoma jeni. Mwaka 1995 kundi la watafiti lililoongozwa na Peter St George-Hyslop, mjini Toronto, Canada, liligundua jeni katika kromosomu ya 14 ambayo ikiharibika huleta Alzheimer mapema. Jeni hiyo iliitwa presenilini 1. Mwaka huo huo ikathibitishwa kwamba ukoo wa Antioquia una badiliko lake katika jeni hiyo.

Badiliko lenyewe ni la herufi moja tu katika maandishi marefu ya jeni. Mwalimu akitaka kulieleza ubaoni, na aandike "Leta mbuzi," kisha aibadili herufi moja na kuandika "Leta mbuni." Sentensi bado ni sahihi, aliyetumwa atatii, lakini kitakachofika mlangoni ni kingine kabisa. Presenilini ni sehemu ya chombo kidogo ndani ya seli ambacho hufanya kazi kama mkasi wa kukata protini. Herufi ile ikibadilika, mkasi hukata vibaya, na vipande vya amiloidi vinavyonata hujikusanya kwenye ubongo tangu ujana. Wenye badiliko hilo kwa wastani huanza kuonyesha dalili wakiwa na umri wa miaka 44 hivi, hupotewa kabisa wakikaribia 50, na wengi hufariki wakiwa na miaka 60 hivi. Kati ya wanaukoo wapatao 6,000, inakadiriwa kwamba kiasi cha 1,200 wana badiliko hilo.

Yafaa hapa mwalimu aelewe vizuri asije akawatia watoto hofu. Alzheimer ya namna hii, ambayo jeni moja ikiharibika huuleta ugonjwa bila shaka, ni adimu sana. Haifikii mgonjwa 1 katika kila 100 wa Alzheimer duniani. Ile inayowapata wazee wengi ina sababu nyingi zinazochangamana, na kubwa kuliko zote ni umri. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, wakiongozwa na Allen Roses, walionyesha kwamba aina moja ya jeni iitwayo APOE huongeza uwezekano wa kuugua uzeeni. Kuongeza uwezekano si kupitisha hukumu: wengi wenye aina hiyo hawaugui, na wengi wasio nayo huugua. Methali yetu isemayo "Mtoto wa nyoka ni nyoka" haifai kuwa kanuni ya somo la urithi.

Kwa hiyo jibu ambalo msichana yule alistahili kupewa lingekuwa fupi: "Bibi yako yaelekea ana ugonjwa wa ubongo ambao huwapata wazee. Si uchawi. Kwa sehemu kubwa wajukuu hawaupati kwa sababu tu bibi anao. Mwambie baba ampeleke hospitali, na usiku mlango ufungwe vizuri asipotee." Mwalimu asingehitaji shahada kulisema hilo.

Jibu lililochelewa

Kama habari ingeishia mwaka 1995 ingekuwa hadithi ya ushindi, nasi walimu tunazipenda mno hadithi za namna hiyo. Lakini kujua jeni hakukuwaponya watu wa Antioquia. Mwaka 2013 lilianza jaribio kubwa la dawa ambalo lilishirikisha watu 252 wa ukoo ule kabla hawajaonyesha dalili. Jaribio lilipangwa kwa busara: wasio na badiliko la jeni nao walishiriki, lakini wakapewa dawa isiyo na nguvu, ili kwamba kushiriki peke yake kusimfichulie mtu wala jirani zake nani anao urithi ule. Mwaka 2022 matokeo yalitangazwa: dawa haikuonyesha faida ya kutosha. Miaka karibu kumi ya sindano, safari na vipimo ikapata jibu la "hapana."

Ni mwalimu yupi kati yetu ambaye amewahi kuwafundisha watoto kwamba "hapana" ni jibu la kisayansi? Katika madarasa yetu jaribio lisilotoa matokeo yaliyoandikwa katika kitabu hufutwa, na mara nyingine mtoto huambiwa abadili alichokiona ili kilingane na kitabu. Huko ni kumfundisha uwongo kwa jina la Sayansi.

Madaftari yale yaliyoanza na mkulima mmoja yalikuwa bado hayajasema yote. Ndani ya ukoo alipatikana mwanamke aliyekuwa na badiliko la presenilini, ambaye kwa hesabu zote angalipaswa kuugua kabla ya miaka 50. Alifika miaka ya 70 akili yake ikiwa karibu salama. Mwaka 2019 Lopera, pamoja na watafiti wengine wakiwamo Yakeel Quiroz na Joseph Arboleda-Velasquez, Wakolombia waliopata kuwa wanafunzi wake, walieleza kwamba mwanamke yule alikuwa na badiliko la pili, la nadra sana, katika jeni ya APOE, na kwamba huenda hilo ndilo lililomkinga. Mwaka 2023 walieleza habari za mwanamume aliyekingwa na badiliko katika jeni nyingine. Mwaka 2024 walionyesha kwamba wanaukoo 27 waliorithi lile badiliko la APOE kwa mzazi mmoja tu walichelewa kuugua kwa miaka ipatayo mitano. Njia mpya ya kutafuta dawa imefunguka hapo.

Mtu yule mmoja asiyefuata kanuni angewezaje kuonekana kama hakuna aliyekuwa ameandika kanuni yenyewe, nyumba kwa nyumba, kwa miaka 35? Francisco Lopera alifariki Septemba 2024. Aliacha mti wa ukoo, hazina ya ubongo wa wagonjwa mamia uliotolewa na jamaa zao baada ya msiba, na wanafunzi wake. Dawa hakuiacha.

Yatupasayo kufanya darasani

Kutokana na hayo napendekeza mambo manne, ambayo mwalimu mwanafunzi anaweza kuyaanza katika mazoezi yake yajayo.

Kwanza, darasa liwe na daftari moja la uchunguzi, na swali moja kwa muhula mzima. Swali liwe dogo: mbuzi wa kijiji hiki huzaa wana wa rangi gani, mama akiwa mweusi na dume likiwa jeupe? Mwembe wa shuleni hutoa maua lini? Watoto waandike kwa zamu, kila wiki, pamoja na tarehe na jina la aliyeona. Wasiruhusiwe kufuta, wakikosea, wakate kwa mstari mmoja ili kosa lisomeke.

Pili, mti wa ukoo uchorwe, lakini uwe wa mbuzi au wa ukoo wa kubuni. Nasisitiza jambo hili. Wako watoto yatima, wako wasiomjua baba, na wako ambao nyumbani kuna ugonjwa usiosemwa hadharani. Lopera na wenzake waliilinda siri ya kila familia. Mwalimu asiyeweza kuilinda asiifungue. Mtoto akijitolea kusema, kama alivyofanya msichana yule, asikilizwe, kisha mazungumzo yaendelee naye faraghani.

Tatu, urithi ufundishwe kwa sarafu. Kila mtoto arushe shilingi mara 10 na kuandika ni mara ngapi upande wa kichwa umetokea. Atakayepata 5 hatakuwa peke yake, lakini watakuwapo wa 3 na wa 7. Darasa likijumlisha, hesabu itakaribia nusu. Hapo ndipo mtoto atakapoelewa kwamba nusu haina maana ya "mmoja ndiyo, mmoja hapana" kwa zamu, na kwamba shilingi haikumbuki ilivyoanguka mara ya kwanza. Ndugu mkubwa kuugua hakumkingi mdogo, wala hakumhukumu.

Nne, liwepo sanduku la maswali. Swali ambalo mwalimu hana jibu lake liandikwe kwenye karatasi na kuwekwa humo, na kila Ijumaa moja litolewe. Mwalimu asione haya kusema, "Sijui, tutatafuta." Kuuliza si ujinga, na kukiri kutojua mbele ya watoto hakumpunguzii mwalimu heshima. Kinachompunguzia ni kujifanya hakusikia.

Pingamizi

Najua yatakayosemwa. Madarasa yetu yana watoto 80 au 90, vyombo hakuna, muhtasari ni mrefu, na mwisho wa yote ni mtihani, ambao hauulizi juu ya mbuzi wa kijiji. Pingamizi hizi si za kubeza, kwani nami nimefundisha katika chumba ambacho watoto wa nyuma walisimama.

Hata hivyo tuziangalie moja moja. Ukosefu wa vyombo hauwezi kuwa udhuru, maana kwa miaka mingi chombo kikuu cha Lopera na Madrigal kilikuwa kalamu. Wingi wa watoto, ambao ni mzigo katika kusahihisha madaftari, katika uchunguzi ni faida: watoto 90 wakirusha shilingi mara 10 kila mmoja wamepata matokeo 900, na nusu yao itaonekana wazi kuliko katika darasa la watoto 20. Ama muhtasari na mtihani, sisemi viachwe. Nasema dakika 5 za daftari kila wiki hazitamwangusha mtoto yeyote, na mtoto aliyeona kwa macho yake jinsi rangi ya mbuzi inavyorithiwa hana haja ya kukariri fasili ya urithi.

Pingamizi moja ni gumu zaidi, nalo sina jibu lake kamili. Mwalimu akisema darasani kwamba ajuza fulani si mchawi, huenda akaingia katika ugomvi wa kijiji, naye ni mgeni pale, kijana, na anategemea wenyeji kwa nyumba na chakula. Siwezi kumwagiza mwalimu wa miaka 22 apambane na kijiji kizima. Naweza kumshauri asifanye hivyo peke yake: amweleze mwalimu mkuu, amtafute mganga wa zahanati, azungumze na mzazi kabla ya kuzungumza na umma. Lakini anyamaze kabisa? Hapana. Mtoto aliyeuliza mbele ya wenzake wakacheka tayari amekwisha kuingia katika ugomvi huo akiwa na miaka 11.

Hitimisho

Baada ya juma moja nilimwandikia barua mwalimu yule. Nilimweleza kwamba kosa la siku ile lilikuwa langu zaidi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na kalamu ya alama, na nikamwomba alirudie swali la msichana. Alinijibu kwamba amelirudia, kwamba darasa lilimsikiliza, na kwamba baba wa mtoto alikuja shuleni kuuliza ni hospitali ipi inafaa. Zaidi ya hapo sijui yaliyompata yule bibi.

Tangu wakati huo nimeongeza kwa mkono, chini ya fomu yangu ya ukaguzi, mstari mmoja: "Mwanafunzi aliuliza swali gani, na mwalimu alilifanyia nini?" Napendekeza wakufunzi wenzangu wa vyuo vyote wauongeze pia. Nanyi walimu wanafunzi mnaojiandaa kwenda mazoezini, msimngoje mkaguzi awaulize. Andikeni mstari huo katika maandalio yenu ya somo, mwishoni, na mwuache wazi. Kisha baada ya kila kipindi ujazeni. Siku mtakayoona kwamba kwa majuma matatu mfululizo hakuna cha kuandika, basi ujueni kwamba watoto wamekwisha kuacha kuwauliza.